Mzee Mwinjuma na Sura za Mtoni

Kila asubuhi, kabla ya kuondoa kanga iliyofunika kompyuta yake, Mzee Mwinjuma aligonga meza kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Alingoja kidogo, kama mgeni anayewapa wenye nyumba nafasi ya kujitanda, kisha akaikunja ile kanga taratibu na kuwasha mashine. Wateja walicheka. Hamisa, mwenye saluni ya ubavuni, alikuwa akiitikia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Subiri baba, hatujavaa," na mzee alitabasamu bila kugeuka. Tabia hiyo hakuiacha hata miezi ile ambayo pumzi ilikuwa ikimwishia kati ya mlangoni na kwenye kiti.

Sekela alikuja mjini kutoka Tukuyu na cheti cha uhazili, akaajiriwa pale kuchapa barua na kuwajazia vijana maombi ya kazi mtandaoni. Siku za mwanzo alidhani mzee anafanya mzaha. Alipomuuliza, mzee alimjibu, "Mle ndani mmejaa watu, Sekela. Huwezi kuwaingilia hivihivi."

Walijaa kweli. Studio ya Mzee Mwinjuma ilikuwa fremu moja tu ya duka, Mtoni, na kwa miaka mingi watu wa pande zile walipotaka picha ya pasipoti saizi walikwenda kwake: ya kuanzia shule, ya kitambulisho, ya kuombea kazi. Picha za zamani, za mkanda, zilichukuliwa na maji mto Kizinga ulipofurika. Zilizokuja baadaye zilikuwa ndani ya kompyuta, na hakufuta hata moja. Alizipanga kwa mitaa. Ukiwasha mashine, uso wake wa mbele ulikuwa na folda safu kwa safu: Sokota, Tandika, Keko, Yombo, kila mtaa na watu wake.

Na watu walipokufa, ndugu zao walikuja pale. Waliingia macho yamevimba, kanga mabegani, wakisema, "Mzee, baba alipigaga picha hapa, mwaka hatuujui." Simu zilikuwa zimeibwa au zimezama kwenye ndoo, albamu zimeliwa na mchwa, kilichobaki cha marehemu ni picha moja yenye pazia la buluu nyuma, masikio yote mawili yakionekana kama ofisi zinavyotaka. Mzee hakuuliza jina kwanza. Aliuliza mtaa, kisha akauliza, "Mnene au mwembamba?" na baada ya muda marehemu alitokea kwenye kioo akiwatazama. Hapo ndipo wengi walipolia. Wakristo walikuza picha ikatangulie mbele ya jeneza. Waislamu waliiomba itumwe kwenye simu, wabaki nayo.

Watu wawili tu hawakuwemo. Mmoja alikuwa Zubeda, mkewe. Mwingine alikuwa mzee mwenyewe.

Habari ya Zubeda mtaa mzima uliijua. Miaka kadhaa nyuma kompyuta ilikuwa nzito, mzee akaita fundi. Kwa mafundi wengi wa mjini kila ugonjwa wa kompyuta una dawa moja, nayo ni kupiga windo: unafuta, unaweka mfumo endeshi upya, unachukua chako unaondoka. Diski ya kompyuta hugawanywa vyumba viwili, C na D, na fundi aliuliza, kama wanavyouliza wote, "Una kitu chochote huko C? C inafutika, D inabaki." Mzee akajibu kwa kujiamini kwamba hana. Za wateja alikuwa ameziweka D. Za mkewe alikuwa ameziweka pale mbele kabisa, kwenye uso wa kompyuta, ili amwone kila akiwasha. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichoko pale mbele kinalala C. Zubeda mwenyewe alikuwa hai wakati huo, akacheka, akasema, "Si utanipiga zingine?" Alifariki kabla hajapigwa zingine. Tangu siku hiyo mashine ilifunikwa kwa kanga ya marehemu, na mzee hakukubali tena mtu ampige picha. "Mwenyewe hayumo," alikuwa akisema, "mie niwemo nikafanye nini?"

Kwa hiyo neno windo halikutajwa mbele yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hofu ya Sekela ilianza mchana ambao Kornelio alitoka nje ya duka lake akasimama juani ameshika kichwa. Kornelio alikuwa na steshenari fremu chache kutoka kwao, na ndiye aliyewagawia maduka yote ya pale intaneti yake. Sekela alimfuata ndani. Kwenye kompyuta ya Kornelio kila faili lilikuwa limeota mkia wa herufi zisizosomeka. Mitihani ya shule alizokuwa akizichapia, kadi za harusi, vyeti, vyote vimefungwa, na katikati ya kioo maandishi mekundu yalimwambia alipe ndipo afunguliwe.

"Nani huyo?" Sekela aliuliza.

"Ningemjua ningekuwa nimesimama hapa?" Kornelio alisema. "Kila kitu, Sekela. Hata picha za ubatizo wa mwanangu."

Fundi Praygod aliitwa kutoka Buguruni. Alikuwa mtu mzima mwenye upara na maneno mengi, lakini siku hiyo alikikagua kioo kwanza. Kisha alieleza kwamba kompyuta ni kama nyumba yenye matundu, na wenye kuitengeneza windo walikuwa wakituma viraka kila tundu jipya likionekana. Kwa toleo hili la kumi wameacha kutuma. Matundu yanabaki wazi, wezi wanajua. Akaipiga windo mashine ya Kornelio, kwa kuwa hapakuwa na cha kuokoa.

Sekela alirudi studio akaketi mbele ya kompyuta ya mzee. Ilikuwa windo kumi. Kwa miezi kikaratasi kilikuwa kikijitokeza pembeni mwa kioo kusema jambo hilohilo, na yeye alikuwa akikifunga kama anavyofukuza inzi. Alinyanyuka akachomoa waya wa intaneti. Aliwatazama watu wa Sokota, wa Tandika, wa Keko, akawaza labda mwizi yumo tayari, ameshika ufunguo, anasubiri.

Bila intaneti hakuna maombi ya kazi, hakuna picha ya kutumiwa mfiwa. Vijana walikuja wakarudi. Na mzee hakuwepo; moyo ulikuwa umemlaza hospitali tangu wiki iliyotangulia.

Jioni, saa za kuona wagonjwa, Sekela alikwenda na uji kwenye chupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefunika?"

"Nimefunika." Alimimina uji, akatafuta pa kuanzia, akaanza na Kornelio. Mzee alisikiliza macho yakiwa darini.

"Kwa hiyo unataka kuipiga windo," alisema mwishowe.

"Sitaki kuipiga. Praygod anasema ipo njia ya kuipandisha. Toleo jipya linakaa juu ya la zamani, vitu haviguswi."

"Hata yule aliyemfuta Zubeda alisema vitabaki."

"Tutanakili kwanza, mzee. Tutaweka pembeni."

"Nyie watu wa bara mna haraka." Alikohoa, akapumzika. "Na tukiiacha hivyo hivyo?"

"Nikirudisha waya, naogopa litupate la Kornelio. Nisiporudisha, tunafunga."

Mzee alimfuata muuguzi kwa macho. Mkono wa mzee juu ya shuka ulikuwa ukifanya kitu, na Sekela alipoangalia vizuri aliona kifundo cha kidole kikigonga polepole kwenye chuma cha kitanda.

"Mie siwezi kutamka ndiyo," alisema. "Ulimi haufiki huko. Ukiona hakuna budi, fanya wewe. Lakini usije ukanieleza katikati. Uje kuniambia wapo, au usije."

Usiku ule usingizi haukumchukua Sekela. Asubuhi Praygod alimkuta ameshafungua mlango, kanga imekunjwa mapajani mwake.

"Sista, mbona unaikumbatia hivyo? Kompyuta si maiti."

"Fanya kazi, fundi. Na usilete flashi yako yenye windo iliyochakachuliwa. Nataka ya wenyewe, kutoka kwa wenyewe."

"Umesoma, naona."

"Nimeogopa."

Praygod aliketi. Aliipima mashine kwanza, akaridhika kwamba ina nguvu za kubeba toleo jipya, na kwamba windo iliyomo ni halali, ilitoka nayo dukani. Akaeleza tofauti kwa mfano wake mwenyewe: kupiga ni kubomoa nyumba na kujenga nyingine, kupandisha ni kubadilisha bati watu wakiwa ndani wamelala. "Ila kuna ishu moja," alisema. "C imejaa. Bati jipya halina pa kukaa. Sasa tunafanya hivi: tunanakili picha kwenye diski ya nje, halafu D tunaifuta yote, nafasi yake tunaipa C. Picha tunazirudisha baadaye."

"D inafutwa yote?"

"Si tumeshanakili?"

Sekela alichomeka diski mpya. Alizikamata folda zote zilizokuwa mbele, mtaa kwa mtaa, akazinakili. Kabla hajavuta kiti vizuri, mashine ikamwambia imemaliza.

Sekela alikitazama kioo tena. Watu wote wa Mtoni, wazima na wafu, wamehama kwa kupepesa jicho?

"Imekuwa haraka," alisema.

"Mashine ina mbio hiyo." Praygod alifungua diski, akabofya Sokota. Sura zikatokea zimejipanga, pazia la buluu nyuma. "Hao hapo. Umeridhika? Nifute D?"

Sura zilikuwa pale, kweli. Angeweza kusema ndiyo. Baadaye hakuweza kueleza kilichomzuia. Haikuwa elimu, kwa sababu chuoni hawakufundishwa hilo. Ilikuwa woga mtupu, ule wa mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake kuvuka maji. Alichomoa ile diski.

"Usiguse kitu," alisema. "Narudi."

"Sista, nina wateja Sinza."

"Watasubiri. Hamisa, njoo ukae hapa. Akigusa kompyuta nipigie kelele."

"Nimkalie mapajani?" Hamisa aliuliza kutoka mlangoni.

"Mkalie popote."

Alikwenda mbio mpaka kwa Kornelio, akaomba achomeke diski kwenye mashine yake iliyosafishwa jana. Kornelio alimpisha bila kuuliza. Folda zilitokea, kila moja na jina la mtaa wake. Alibofya Sokota. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikasema kitu unachotafuta hakipo. Akabofya Tandika. Hakipo. Keko. Hakipo. Alibofya mtaa baada ya mtaa kama mwendawazimu anayegonga milango ya nyumba zilizohamwa.

Kornelio aliinama karibu na kioo. "Hebu ona hapa," alisema. "Kwenye pembe ya kila folda. Kishale."

Ndipo Sekela alipoviona. Vilikuwa vidogo, amevitazama kwa miaka bila kuviona. Baada ya msiba wake wa kwanza Mzee Mwinjuma hakuthubutu tena kuweka kitu mbele. Watu wote aliwaacha D, na mbele akaacha vishale tu vya kuonyesha njia, kwa sababu bado alitaka kuiona mitaa kila akiwasha. Walichonakili hawakuwa watu. Zilikuwa njia za kuwaendea. Na kwenye mashine ya mzee njia hizo zilifunguka kwa sababu watu walikuwa bado wako palepale D, mahali ambapo fundi alikuwa anasubiri kufuta.

Alirudi akitembea, hakuweza kukimbia. Hamisa alikuwa ameketi juu ya meza, mikono kifuani, akimtazama Praygod kama askari.

"Hajagusa," alisema. "Amejaribu kuimba tu, nimemkataza."

Sekela aliwaeleza. Praygod alivua kofia, akaivaa tena. Kejeli zilimtoka usoni. "Ningefuta," alisema polepole. "Mungu anaona, ningefuta."

"Najua."

Safari hii waliingia D wenyewe, wakainakili yote, na kunakili kulichukua muda kama kunavyopaswa kuchukua. Mstari wa kijani ulitambaa. Sekela alipeleka diski kwa Kornelio akafungua mtaa baada ya mtaa, wanaume, wanawake, watoto wa darasa la kwanza waliofumba macho. Wakatengeneza nakala ya pili, ikabaki kwa Kornelio kabatini. Hata hivyo Sekela alikataa D ifutwe. Badala yake waliondoa kutoka C miziki ya singeli na video za harusi ambazo wenyewe walishazichukua zamani, mpaka nafasi ikapatikana. Praygod hakubisha tena.

Ikabaki jambo la umeme. Fremu zote zile zilitumia mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kila mtu alijua yuniti zingeweza kuisha katikati ya sala. Sekela alizunguka duka kwa duka akiomba wapunguze matumizi. Alinunua yuniti chache alizozimudu akaziingiza mwenyewe, akahakikisha kibetri cha akiba kimejaa, akamwomba Hamisa asiwashe drayeri.

"Na vichwa vya watu?"

"Naomba, Hamisa."

Hamisa alimwangalia uso, akaacha utani. "Watakaa juani," alisema. "Jua lipo."

Praygod akarudisha waya wa intaneti, akaleta toleo jipya kutoka kwa wenyewe, akabonyeza. Asilimia zikaanza kupanda. Hapo hapakuwa na la kufanya, na ndipo hofu yote ilipokuja, ya zamani na mpya. Sekela alimwaza mzee amelala akitazama dari, hajui. Aliziwaza nakala mbili. Aliziamini, na hakuziamini. Mashine ilizima yenyewe. Kioo kikawa cheusi, na kwenye weusi ule aliiona sura yake, mwanamke amekumbatia kanga.

"Imekufa?" aliuliza.

"Inajiwasha upya. Ni kawaida."

"Mbona haiwaki?"

"Itawaka."

"Praygod."

"Sista, na mie naogopa. Nyamaza kidogo."

Nje mita ilianza kulia, ule mlio wa yuniti kupungua. Walisikia viatu vya Hamisa vikikimbia, wakasikia akimwamuru mwenye jokofu la maji baridi achomoe, kwa maneno ambayo hayaandikiki. Mlio uliendelea. Kioo kiliwaka, kikazima, kikawaka tena na vidoa vikizunguka, vikazunguka, na Sekela alijikuta anazitaja sala za bibi yake kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hakuwa ameitumia kusali tangu aje mjini.

Kisha mwanga ukaja. Mandhari ilikuwa mpya, vialama vimehamia katikati kama wageni wasiojua pa kukaa. Lakini mitaa ilikuwa pale, safu kwa safu, kila mmoja na kishale chake.

Praygod alinyosha mkono kwenye kipanya. Sekela alimzuia. Aligonga meza kwa kifundo cha kidole, akangoja. Kutoka upande wa pili wa ukuta safari hii hakuna aliyeitikia. Akabofya Sokota, na watu wa Sokota wakamtazama.

Jioni alifika hospitali hajala. Mzee alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, na uso wake ulikuwa umepungua tangu jana. Alipomwona mlangoni hakumjibu salamu. Alimtazama miguu kwanza, kama anayepima ikiwa imeleta habari.

"Wapo," Sekela alisema.

"Wa Sokota?"

"Wapo."

"Yule mama wa Yombo aliyefumba macho, nikampiga mara tatu akafumba zote?"

"Yupo. Bado amefumba."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja akasema inatosha, mgonjwa apumzike. Sekela alimfunika vizuri. Alitaka kumweleza habari ya vishale, ya D, ya jinsi ilivyobaki unywele mmoja wafutike. Akaona hakuna haja, mzigo huo ameshaubeba mmoja, ya nini kuwatwisha wawili. Alichukua chupa ya uji akaenda. Alikuwa ameshafika mwisho wa kitanda cha tatu aliposikia akigongewa kwenye chuma, akageuka.

"Kesho njoo na kamera," Mzee Mwinjuma alisema. "Na ile kanga uje nayo."